Baba Mdogo na Sanaa ya Kukataa

Kukataa ni kipaji, na baba yangu mdogo alijaliwa. Wapo watu wanaokataa kwa kununa, na wapo wanaosema "tutaona" kisha usiwaone tena. Yeye alikataa kwa raha zake. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka mezani, akamtazama mwombaji kwa muda kana kwamba anampa nafasi ya kujirekebisha, halafu akasema "Hapana" kwa sauti ya chini na ya upole. Nimemwona akimkataa hivyo muuza bima, mchungaji, na jirani aliyetaka kuazima koleo la theluji. Mara zote hizo nilicheka. Nikaacha kucheka siku alipomkataa mchumba wangu.

Baba mdogo ndiye aliyenilea. Baba yangu mzazi, kaka yake, alifariki kabla sijaanza shule, na nilipokuwa mkubwa baba mdogo akanileta Minnesota kusoma. Nikasoma, nikapata kazi kwenye maabara ya hospitali, nikapanga nyumba kule kule Eagan anakokaa yeye, jengo linalotazamana na lake, kwa sababu nilipotaja mtaa wa mbali zaidi alivua miwani. Ni Mpare kamili. Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Baba mdogo husema huo ni uongo mtupu, halafu anakusimulia kesi ya kuku ya babu yake tangu mwanzo, pamoja na alichosema kila shahidi. Kwake, neno likishasemwa mbele ya wazee limesemwa. Huwezi kulirudisha mfukoni ukasema ulikuwa unatania.

Mchumba wangu ni Mkongo wa Lubumbashi. Anaishi mtaa wa Phillips, Minneapolis, na anafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari, kazi ambayo kwa maelezo yake ni kuwaomba watoto wa Kimarekani wafunge vitabu vya hisabati. Mara ya kwanza aliponialika kutoka naye hakunipeleka kula. Alinipeleka kwenye jumba la maonyesho mjini Minneapolis kuangalia komedi ya Kifaransa ya karne ya kumi na saba, iliyofasiriwa kwa Kiingereza cha vina. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu inaniuma, na nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilijiambia nitasinzia kwa adabu, kisha nitarudi nyumbani na sitapokea simu yake tena.

Sikusinzia. Pazia lilipofunguka kulikuwa na baba mmoja aliyeng'ang'ania jambo moja, na nyumba nzima inahangaika kumzunguka. Ana binti, na amekwisha kumchagulia mume asiyefaa hata kwa kuangaliwa. Binti ana mpenzi wake, na hao wawili hawana akili ya kujiokoa hata ukiwaonyesha mlango. Mwenye akili ni kijakazi, ambaye anambishia bwana wake neno kwa neno, na kila akifukuzwa anarudi kupitia mlango mwingine. Yupo daktari anayesema Kilatini ili mgonjwa asijue kwamba naye hajui kitu. Na kuna mtu amejificha mahali ambapo ukumbi mzima unamwona isipokuwa yule mwenye nyumba. Wazee wa Kimarekani waliovaa masweta ya sufu walikuwa wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mimi nilimwinamia mwenzangu nikamnong'oneza, "Huyu baba namjua. Anakaa Eagan."

Yeye alikuwa anacheka kabla ya kila mzaha kufika. Shuleni kwao Lubumbashi walilazimishwa kuzikariri komedi hizi na kuziigiza mbele ya wazazi kila mwisho wa mwaka, wavulana wakivaa magauni ya dada zao, kwa hiyo maneno aliyajua kabla ya mwigizaji kufungua kinywa. Kila mara alipoanza kucheka peke yake watu walimgeukia, na baada ya sekunde chache nao wakacheka. Nadhani nilimpenda hapo.

Wakati wa mapumziko nilimuuliza ilikuwaje mchezo wa watu waliovaa mawigi, waliokufa zamani za kale, ukamchekesha mtu wa maabara kutoka Upareni. Alinijibu huku akipuliza kahawa.

"Siri ni moja tu. Ule mwenye banamucheka, hajuwe kama ni yeye. Bantu bote banajua, yeye tu ndio hajuwe. Voilà. C'est tout, ni ile tu."

Kumbe hilo na sisi tunalijua. Tunasema nyani haoni kundule. Tofauti ni kwamba Wafaransa waliichukua methali hiyo wakaijengea nyumba yenye milango mitano, watu wakawa wanaingia na kutoka humo kwa fujo jioni nzima, na nyani mwenyewe kakaa katikati kwenye kiti kizuri.

Baada ya muda tukaelewana, na Jumapili moja mchumba wangu akaja Eagan kwa baba mdogo kuniposa. Alivaa suti na viatu vilivyong'aa, akaleta maua pamoja na keki. Alikuja peke yake. Nilimwona kupitia dirisha akivuka maegesho ya magari, keki kaishika kwa mikono miwili isimdondoke kwenye barafu, nikakimbilia mlango kwa furaha. Baba mdogo alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaishika miwani.

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja miye mwenyewe, papa."

"Nauliza watu wako."

Mchumba wangu akaeleza. Mama yake alikufa, baba alikufa, wajomba walitawanyika wakati wa vita, dada yake mara ya mwisho alisikika Zambia. Alieleza polepole, bila kuomba huruma. Baba mdogo alimwambia pole, na aliisema kwa moyo, kwa sababu naye alimzika kaka yake. Halafu akaikunja miwani.

"Lakini mtu hajiposei, mwanangu. Siku ukimkosea binti huyu, nikakushitaki kwa nani? Kwako wewe mwenyewe?"

"Baba," nilidakia, "hapa ni Marekani."

"Najua. Hapa ukinikosea nitaita polisi. Mimi sitaki polisi. Nataka mtu wa kumwendea." Akamgeukia mgeni. "Hapana."

Nilikasirika mpaka nikavunja kikombe wakati wa kuosha vyombo, na sikuomba radhi. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hatukwenda kwenye mahakama ya kaunti tukafungishwa ndoa, tukamwachia mzee miwani yake. Tungeweza. Sikutaka. Nilikuwa na mzazi mmoja tu aliyebaki wa upande wa baba, na nilitaka aje harusini akiwa ameridhika, akae mbele, alalamikie chakula. Nikamshauri mchumba wangu atafute wazee wawili watatu wa kwenda kumsemea. Wapo wengi mjini hapa, na wengine wanapenda kazi hiyo kuliko kazi zao. Naye akakataa.

"Bantu habako suti," aliniambia. "Siwezi kukodisha bantu."

Basi nikawa na wanaume wawili ninaowapenda, wote wawili wanajua kukataa, na katikati yao mimi.

Sasa, sisi tunaosali kwa Kiswahili tuna ushirika wetu. Wengi ni Wakenya, Watanzania tumo, Wakongo wachache, na tunakutana katika ukumbi wa chini wa kanisa moja kule Champlin. Kila mwaka kuna siku ya familia, na kila mwaka siku hiyo huwa na kwaya, hotuba, kwaya nyingine, na hotuba ya kuishukuru kwaya. Watoto huwa wamelala ifikapo hotuba ya pili. Mwaka ule kamati ikaomba mtu mwenye wazo jipya, na mchumba wangu akanyoosha mkono, akasema yeye ataleta komedi ya Kifaransa kwa Kiswahili.

Hakufasiri mchezo wowote mmoja. Alichukua alivyovikumbuka tangu shule, baba mkaidi huku, kijakazi mjeuri kule, daktari wa Kilatini, wapenzi mazuzu, akaviunga pamoja vikawa mchezo wake mwenyewe. Mama mmoja Mkenya, muuguzi, alipewa nafasi ya kijakazi, na hakuhitaji kufundishwa kujibu. Mpenzi alikuwa mfamasia mmoja wa Nairobi, kijana mtanashati mwenye mke, na mke huyo alihudhuria mazoezi yote akiwa amekaa mstari wa mbele na koti mapajani. Mimi nilipewa binti kwa sababu wasichana wengine wote walikuwa na zamu za wikiendi. Nafasi ya baba alipewa mhasibu mmoja mpole sana.

Baba mdogo alikuja siku ya mazoezi ya kwanza kunilinda. Hakusema hivyo, alisema anataka kuona ukumbi. Akakaa kiti cha nyuma kabisa, koti halivui, mikono kifuani. Mhasibu akafika mahali pa kumkatalia mfamasia, akaanza kupiga kelele, "Hapana! Hapana! Hapana!" huku akirusha mikono.

Kiti cha nyuma kikalia.

"Samahani," alisema baba mdogo. "Samahani sana. Baba hakatai hivyo. Huyo anaomba."

Akapanda jukwaani na koti lake na mabuti yake ya theluji. Akamsogeza mhasibu kando kwa adabu. Akavua miwani, akaikunja, akatafuta pa kuiweka, akampa mhasibu aishike. Akamtazama mfamasia. Akasubiri. Mfamasia wa watu, ambaye hakuwa amekosa lolote, akaanza kutokwa na jasho.

"Hapana," alisema baba mdogo.

Ukumbi uliangua kicheko ambacho sijakisikia tena mahali popote. Muuguzi Mkenya alikaa chini kwenye sakafu. "Aki huyu mzee ni natural," alisema akishika mbavu. "Mpeeni hiyo part, please, ama mimi na-resign." Mhasibu akamshukuru Mungu kwa sauti, akahamishiwa kwenye udaktari, na huko akafanya vizuri sana kwa sababu Kilatini chake alikitunga palepale kutokana na majina ya dawa.

Baba mdogo hakukataa. Ndiyo mara pekee. Alisema atasaidia kwa ajili ya kanisa.

Kuanzia hapo Jumamosi zetu zilikuwa raha na mateso kwa pamoja. Kiswahili kilichotumika jukwaani kilikuwa cha nchi tatu. Mchumba wangu alisimama na karatasi zake akisema, "Papa, doucement, polepole. Kwanza unamuangaria, alafu unafunga miwani, alafu njo unasema." Muuguzi akisema, "Si umwambie asinitazame hivyo, nime-forget line yangu yote." Baba mdogo akimsahihisha kila mtu, mpaka mwandishi. Na wakati wa chai alikuwa na maoni makali juu ya yule baba aliyemwigiza.

"Mimi simpendi mzee huyu," alituambia mara nyingi. "Ni mjinga. Ameambiwa na binti, ameambiwa na kijakazi, hasikii la mtu. Watu wa namna hii wapo."

Tulitazama vikombe vyetu. Mfamasia alitoka nje kidogo, akidai gari halijafungwa. Mimi nilimwangalia mchumba wangu, naye akaangalia dari, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini michezo hii haifi. Nilikuwa nimesikia maelezo yake kwenye kahawa, lakini kuyaona kwa mzee wako mwenyewe, ameshika andazi, ni jambo lingine.

Tatizo likaanza kwenye mwisho wa mchezo. Katika komedi za zamani, baba hufanyiwa hila. Huletwa mwanasheria wa uongo na mkataba, baba akatia sahihi akidhani ni mambo mengine, na ndoa ikapita. Mchumba wangu aliandika hivyo. Baba mdogo akasoma, akarudisha karatasi.

"Mwanasheria wa nini? Binti anaposwa, leteni wazee."

Akapewa wazee. Alipewa mzee mmoja Mkenya, mstaafu mwenye nyumba hapo Champlin karibu na mto, mtu mkubwa wa kimo na wa maneno machache, awe mshenga, na wenzake wawili wa kumsindikiza. Baba mdogo akawafundisha posa kana kwamba wanafanya mtihani. Wasiingie wote kwa pamoja. Asiyetumwa kusema asiseme. Wasitaje shida yao mpaka waulizwe. Wakenya wale walizoea mambo yao ya kwao, wakabishana naye kwa furaha kubwa, na mazoezi ya dakika chache yakawa ya mchana mzima.

"Kijana wenu ana tabia gani?" aliuliza baba mdogo jukwaani.

Mzee Mkenya akafunua karatasi, akasoma kwamba kijana wao ni mwema na mwenye bidii.

"Hilo umelisoma. Mtu anayemjua kijana wake hasomi. Ondoa karatasi. Ana tabia gani?"

Mzee Mkenya akakuna kichwa. Yeye hakumjua mfamasia vizuri, walikuwa wakisalimiana tu. Akatafuta jibu, akalipata alipolipata.

"Ni mtu wa time," alisema. "Akisema saa nane, ni saa nane, hata snow iwe hapa." Akaonyesha magotini. "Gari yangu ilikufa barafuni, nikampigia, akatoka mbali huko akakuja kuni-jump na battery yake. Akakataa hata chai, alikuwa anakimbilia kazi."

Mfamasia hakuwahi kufanya hivyo. Sisi sote tulijua ni nani aliyefanya. Alikuwa kasimama pembeni, amejifunika uso kwa karatasi zake.

"Endelea," alisema baba mdogo.

Na kila Jumamosi ikawa hivyo. Mzee Mkenya aliulizwa maswali, akayajibu kwa mtu aliyemjua. Kijana wetu hanywi, lakini anakula sana. Kijana wetu alishikwa na homa, mke wangu akampelekea supu Phillips, akakuta nyumba ni safi kuliko yetu. Kijana wetu ni mbishi, hiyo siwezi kuficha. Kufikia wakati huo, nje ya mazoezi, mke wa mzee alikuwa amezoea kumpigia simu mchumba wangu kumwuliza amekula nini. Hakuna aliyepanga. Nimemhoji mchumba wangu mara nyingi, anaapa hakupanga, na mimi humwamini siku nyingine.

Nilikuwa na hofu moja tu, na ilikuwa kubwa. Mwishoni mwa posa baba alitakiwa kusema, "Nimekubali, binti yangu aolewe." Kila tulipofika hapo, baba mdogo alisema, "Hapa nitakubali," kisha akaketi akaomba maji. Neno lenyewe hakulitamka hata mara moja. Mchumba wangu alimwomba alijaribu japo kwa kunong'ona.

"Hilo silifanyii mazoezi," alijibu. "Mbele ya wazee?"

"Lakini papa, bale ni ba acteurs."

"Wazee ni wazee."

Hapo nikajua kwamba hakuwa anacheza. Kama angeweza kulisema kwa mfamasia aliyeoa, basi kwake lingekuwa neno jepesi na sisi tusingelipata kamwe. Na kama asingelisema siku yenyewe, mbele ya ushirika mzima, mchezo ungeharibika mikononi mwa mchumba wangu, na ile "hapana" ya Jumapili ingekuwa imethibitishwa hadharani. Kulala nikawa nalala vibaya. Kazini nilibandika lebo ya mgonjwa mmoja kwenye chupa tupu.

Siku ya familia ikafika, theluji imeanza kuyeyuka, maegesho yamejaa tope. Mawigi tulikuwa tumeyanunua Phillips, kwenye duka la nywele za kina mama, kwa hiyo wazee watatu wa Kikenya walikuwa wamejipanga nyuma ya pazia na nywele za mawimbi mpaka mabegani, mmoja ana za rangi ya asali. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa na woga wa kweli.

Halafu pazia likafunguka na ukumbi ukatuchukua. Muuguzi alipomjibu bwana wake kwa mara ya kwanza, kina mama wote walipiga vigelegele. Watoto, ambao nyumbani huongeleshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza, waliacha simu zao. Mfasiri hakuhitajika kwa mzee anayekataa. Mhasibu alipomwambia baba kwamba ugonjwa wake unaitwa *ibuprofenus*, nusu ya ukumbi, ambayo ni wauguzi na walezi wa wagonjwa, ilipiga miguu sakafuni. Baba mdogo alipokataa mara ya tatu, akina mama wawili walitoka kwenye viti wakicheza, wakapanda jukwaani, wakamfunga kitenge mabegani, kwa kuwa mcheza kwao hutuzwa. Akapokea bila kutabasamu, akakirekebisha kitenge, akaendelea kukataa.

Wakaingia wazee. Ukumbi ulitulia. Posa ilikwenda kama walivyofunzwa, mmoja mmoja, salamu kwanza. Baba mdogo akauliza maswali yake, mzee Mkenya akajibu, wigi limemwelemea sikio moja. Tukafika mahali penyewe. Baba mdogo akanyamaza.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu na kiti chake, kama mchezo ulivyotaka, na nilisikia pumzi yake. Nyuma ya pazia mchumba wangu akanong'ona, "Nimekubali, binti yangu…"

"Nimesikia," alisema baba mdogo kwa sauti. "Sijasahau."

Watu wakacheka. Akamwonyesha mfamasia.

"Huyu ana mke wake, yule pale mstari wa mbele." Kicheko kikazidi, na mke wa mfamasia akapunga mkono. "Aliyeleta posa hii yuko nyuma ya pazia. Atoke."

Sikuweza kugeuka. Nilimwona mchumba wangu alipofika mbele tu, karatasi mkononi, fulana nyeusi ya kazi, hana wigi wala koti la vifungo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujua maneno yanayofuata.

Baba mdogo hakumsemesha. Aliwageukia wazee.

"Mmekuja kwa ajili ya nani?"

Mzee Mkenya akamtazama mfamasia, akamtazama mchumba wangu. Kisha akavuka jukwaa polepole akasimama karibu na mchumba wangu, na wenzake wawili wakamfuata na nywele zao.

"Kwa ajili ya huyu."

"Ni nani wenu?"

"Ni kijana wetu."

"Akimkosea binti wa kaka yangu," alisema baba mdogo, akakivuta kitenge mabegani, akaanza upya. "Akimkosea binti wa kaka yangu, nije kwa nani?"

"Kwangu," alisema mzee Mkenya. "Nyumba unaijua. Ukuje hata bila kupiga simu."

Katika maandishi maneno yalikuwa "binti yangu." Binti wa kaka yake nilikuwa mmoja tu duniani, nami nilikuwa nimepiga magoti pale nikilia mbele ya watu na rangi za uso zinanichuruzika. Baba mdogo aliniwekea mkono kichwani.

"Nimekubali," alisema.

Vigelegele vilivyofuata sivielezi. Watu waliojua walilia, na wasiojua waliambiana kwamba kwa kweli Wafaransa waliweza kuandika. Mimi nilikuwa bado na maneno yangu ya kumshukuru baba kwenye mchezo. Niliyafungulia kinywa, na hakuna aliyeyasubiri. Mzee Mkenya alikuwa amekwisha kumshika mchumba wangu bega, anamsemesha sikioni, lakini watu wa Champlin hawajui kunong'ona.

"Sasa wewe ni wetu, umesikia? Saturday unakuja kunisaidia ku-move makochi. Na usilete stori."

Mchumba wangu alifuta uso kwa zile karatasi za mchezo.

"Saa ngapi, papa?" aliuliza.